Ukimya wa Mwalimu wa Kizuka

Mjukuu wangu Kelia, amahoro, amani iwe kwako. Huku Rumonge tuko wazima, na mama yako ameanza kutembea bila fimbo.

Unauliza sisi tunaotengeneza pamoja mfumo huria wa kompyuta tunakubaliana vipi bila mkubwa. Anayetaka badiliko huwaandikia wenzake. Wiki ikipita kimya, limekubaliwa. Nilipokuwa mgeni niliandika tuache kuhudumia kompyuta za zamani. Hakuna aliyejibu. Nikafurahi, hadi nilipokutana na mwenzetu, mwalimu wa kijiji cha Kizuka, ambaye shule yake haina kompyuta nyingine ila hizo.

“Mbona hukukataa?”

“Dada, nilinyamaza wiki nzima. Ulitaka nikatae namna gani tena?”

Nilicheka, kisha nikaona haya. Pendekezo nikaliondoa, na wanafunzi wake bado wanazitumia. Siku hizi nawapigia simu walionyamaza, mmoja mmoja.

Bibi yako kwa ukoo, si kwa umri,
Nadia