Picha ya Dirisha la Mama

Kwako kaka,

Sisi wazima, ila mama bado hainuki kitandani. Bustani ya nyuma imechanua, na ndege nawapiga picha kwa kamera uliyonitumia.

Katika picha moja, nyuma ya ndege, muuguzi uliyemwajiri anaonekana dirishani akimwaga dawa ya mama. Siku tatu nikajibanza kwenye maua, najifanya nawapiga picha ndege, kumbe nampiga yeye. Kila asubuhi alimwaga. Nikawaza mengi mabaya, usingizi ukanipaa.

Jana nilimwonyesha picha hizo. Alimtazama mama.

"Mwache," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nimechoka, mwanangu. Kaka yako usimwambie."

Nami nimekwambia. Njoo upesi.

Mdogo wako