Shetani Aliyeishiwa Sukari

Nereida, sikiliza. Leo kwenye kanivali nusura wamuue mjukuu wangu Wilkin.

Unajua anavyojivunia vazi lake la shetani wa kanivali. Mimi nilikuwa kibarazani na simu, ile inayopokea vipimo vya sukari ya damu yake kutoka kwenye kidude alichobandikwa mkononi. Saa tisa ikalia: 52, inashuka, na chini ya 70 ni hatari. Nikampigia, lakini ndani ya barakoa ile atasikia nini?

Nilipomfikia, anapiga watu vichwani. Vichwani, Nereida! Shetani wa kanivali hupiga matakoni, kwa mzaha, hata mtoto anajua. Kile kibofu cha ng'ombe kilichokaushwa, wanachochapia watu, anakizungusha kama panga. Mama mmoja kaanguka, damu zinamtoka puani.

Ndugu za yule mama wakamrukia. Ngumi, mateke, barakoa ikapasuka. "Mlevi huyu, mvunjeni!"

Nikasema si pombe, sukari imeshuka, akili zimemruka. "Toka hapa, bibi, ungemlea vizuri." Kiwiko kikanipata jichoni.

Basi nikamlalia. Nakwambia nikamlalia, mateke yakawa yangu. Nikamtia mdomoni kwa kidole asali niliyokuja nayo, akaking'ata mpaka mfupani, nikamwachia. Kwa mkono wa pili nikainua simu inayolia: 41.

Yule mama wa damu ndiye aliyeisoma. "Acheni, washenzi nyie. Binti yangu anacho kidude hicho hicho."

Wakaacha. Soda akaileta yeye mwenyewe.

Ilipofika 70, Wilkin akafumbua macho, akaliona jicho langu limevimba. "Bibi, nani kakupiga? Nioneshe nimvunje."

Nikamwambia, maliza soda kwanza.