Kitenzi Kimoja cha Baba

Kwako dada yangu,

Pokea salamu nyingi, na nyingine umpe shemeji. Natumaini hamjambo, na kile kikohozi cha mtoto kimekoma. Sisi wazima. Baba mgongo unamsumbua akiinuka kwenye cherehani, ila mdomo uko salama.

Habari kubwa ya huku ni kwamba Baba anasoma Kihispania. Usicheke, nimeshacheka kwa niaba yako. Alinikuta napiga pasi huku nasoma kile kitabu changu cha Kihispania, akasema nimfundishe, maana yule mteja wa mapazia hajui lugha yetu hata ya kuombea maji. Lakini alitaka kitenzi kimoja tu. Kikimkaa mwilini ndipo angeomba kingine. Nikamsomea kadhaa. Akachagua volver, kurudi.

Nilimwonya kwamba hicho hubadilika katikati: vuelvo, narudi, vuelves, unarudi, vuelve, anarudi, vuelven, wanarudi, lakini volvemos, tunarudi. Akasema mbona ni kiuno cha suruali tu: mimi, wewe, yeye na wao tumenenepa, kinafumuliwa, sisi tukiwa pamoja kinatutosha kilivyo.

Sasa akienda kununua uzi anaaga, "Vuelvo!" Mteja akilalamika kwamba mguu mmoja mrefu, anamjibu, "Vuelvo a coser," yaani nashona tena, kwani ukikifuatisha na tendo jingine, kinakuwa ni kulifanya upya. Kinyozi jirani akamuuliza, "Vipi mzee, ubalozi umeshakupa gari?" Baba akamwambia akanyoe upya kile kichwa alichokiharibu asubuhi, hilo nalo ni volver.

Kuna jambo moja tu. Mteja wa mapazia alihama zamani, na Baba mwenyewe alikwenda kumuaga. Masomo hayakukoma. Nikaendelea kumfundisha, unanijua, napenda kutazama.

Juzi, uzi ukiwa mdomoni, akaniuliza mama na mwanawe wakiwa mbali, mtu anaulizaje watarudi lini. Nikamwambia: ¿cuándo vuelven? Akaitikia kama aliyeulizia bei ya vifungo. Tangu ulipoolewa bila kumwambia, nikikupigia simu Baba hutoka nje mpaka nimalize. Siku ya kuzaliwa ya mtoto anasema hatatoka. Ataongea na mjukuu, kwa Kihispania, lugha ya mjukuu. Wewe, amesema, bado amekukasirikia. Amenikataza nisikwambie, ndiyo maana nakuandikia mapema.

Basi simu ikilia, mpe mtoto. Babu akikosea, asimsahihishe. Jibu la lini mtarudi ni lenu, mimi mpiga pasi tu. Ila suruali ya mjukuu ameshaikata, na pindo ameliacha refu ajabu. Nilipomuuliza kitambaa chote hicho cha nini, akasema watoto hukua, na huyu haijulikani atakuja lini.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Naishia hapa, pasi imepata moto.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga pasi