Goti la Baba na Watu wa Bima

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Kikohozi kimekuacha? Unakula, au bado unadanganya tumbo kwa chai? Sisi wazima, isipokuwa goti la Baba, nalo ndilo limenikalisha niandike.

Kazi yangu unaijua: kugeuza magonjwa ya watu kuwa namba ili bima ilipe hospitali. Tangu mwenzangu aende likizo ya uzazi, mafaili yamepanda mpaka kwenye kiti chake. Juzi Mama alipiga chafya mezani nikajikuta naitafutia namba.

Sasa Baba kaumia goti, anatakiwa kupasuliwa, na faili lake likaniangukia mimi. Bima hawaruhusu upasuaji mpaka wajue mtu aliumiaje. Daktari aliambiwa Baba aliteleza bafuni. Muuguzi aliambiwa alibeba gunia. Yule wa mapokezi, eti alikimbizwa na mbwa. Bima wakarudisha madai wakiuliza kama mgonjwa ni mmoja au watatu.

Goti likazidi kuvimba, na daktari akaonya kwamba upasuaji ukicheleweshwa Baba hatatembea tena sawasawa. Nikamfuata wodini, nikavuta pazia.

"Baba, niambie ukweli. Mbwa simwandiki."

"Basi andika gunia."

"Gunia la nini, Baba? Hata mfuko wa sokoni unambebesha Mama."

Akageukia ukutani. Nilikasirika, nikamwambia atakaa na goti lake hivyo hivyo, kubwa kama boga. Ndipo akanong'ona kwamba alikuwa anacheza muziki. Chumbani, mlango kaufunga, redio kaipunguza. Alikuwa anajifunza kucheza kwa ajili ya harusi yako, maana anaogopa kukuaibisha mbele ya wakwe. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli.

Namba ya kuumia ukicheza muziki ipo. Bima wakakubali, akapasuliwa salama, sasa anawasumbua wauguzi. Ila harusini atakuwa wa kukaa tu. Kaniapisha nisikwambie, kwa hiyo hapa hujasoma kitu.

Mama anakusalimu, na shangazi, ambaye gauni lake la harusi tayari linambana. Mungu akutunze na akufikishe siku hiyo ukiwa na afya.

Muziki ukianza, usimsubiri Baba ainuke. Vuta kiti ukae mbele yake, mshike mikono, mcheze nyote wawili hapo hapo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua.