Mke Wangu na Fundi Rangi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini hamjambo, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi tu wazima, ila joto la mwaka huu halina adabu. Ukigusa kitasa cha mlango mchana, unautoa mkono mbio.

Kaka, nina jambo ambalo siwezi kumwambia mwingine. Shemeji yako amejiunga na umoja wa wakazi wa mtaa wetu. Ulianza pale jirani yetu, yule bibi mshonaji, alipokutwa amefariki chumbani kwa joto, chini ya mabati yanayowaka. Baraza la mji likasema litalitazama suala hilo. Wenzetu hawakungoja. Walimbana diwani mpaka ukumbi wa shule ukafunguliwa mchana, wazee wapumzike penye feni na maji. Wakagawana nyumba za kutembelea, kisha wakaanza kupaka mabati rangi nyeupe ili vyumba vipoe. Kazi njema, sikatai. Kilichoninyima usingizi ni fundi rangi.

Wanamwita Chokaa. Mrefu, meno yote yapo, na akicheka majirani wanafungua madirisha. Kila Jumamosi alimpitia mke wangu, ngazi begani, naye mke wangu keshajifunga kilemba, anaimba. Mimi niliyemwoa sijawahi kuimbiwa! Jioni anarudi na rangi kwenye nyusi, nikimuuliza walikuwa wapi, ananijibu, "Kwa mzee mmoja tu, baba watoto." Mzee gani, hasemi. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilifikia hata kunusa nguo zake, kaka, mtu mzima mimi.

Jumamosi iliyopita niliwafuata. Nilijibanza nyuma ya duka la vipuri, nikawaona wakikata kona ninayoijua tangu utoto. Wakaingia nyumbani kwa mama.

Nilipofika, Chokaa alikuwa juu ya paa na brashi yake. Mimi nikapitiliza ndani, ngumi nimeikunja. Mama alikuwa amelala, mke wangu anamkanda miguu kwa kitambaa cha maji. Mama akanitazama, akaniuliza, "Umekuja kupigana na nani, mwanangu?"

Kaka, mama alianguka jikoni kwa joto, hakuna aliyetuambia. Mke wangu ndiye aliyemkuta, katika kuzunguka kwao. Mama akamwapisha asituambie, eti wanawe wana mizigo yao.

Chokaa nimemsamehe, ingawa hakunikosea kitu. Nilimshikia ngazi mpaka paa likaisha, na chumba kimepoa kweli. Lakini nikufiche nini? Wivu haujaniondoka, umehama tu. Sasa ninayemwonea wivu ni mke wangu. Nilimuuliza mama kwa nini siri ampe yeye, mimi aliyenizaa asinitake. Akasema mkwe wake akija hukaa; mimi huwa napita.

Nimeomba Jumamosi hii niende mimi kwa mama. Mke wangu amecheka, akasema nikamwone mwenyekiti wa umoja, maana zamu hiyo ina mwenyewe.

Mama anakusalimu na anakuombea. Usimwambie kwamba nimekueleza. Wabusu watoto, na mpe shemeji pole ya kukuuguza.

Ni mimi,
mdogo wako