Msikilizaji Asiyeitikia

Jumatatu, 4 Machi
Msimuliaji wa leo hakutokea, na chumba cha kurekodia tumepewa hadi jioni tu. Nikampigia Shangazi. Njoo uniokoe, ni kazi ya kuongea tu. Akacheka — kuongea tu? Basi nakuja mbio. Majirani wanamwita Redio na jina analipenda. Maisha yake yote kwenye cherehani, na sidhani ameshawahi kushona hata mfuko bila hadithi.

Alikuja kavaa gauni la kutokea. Nikamketisha mbele ya msikilizaji wetu, mwanafunzi mwenzangu, binti tunayemwita Sanamu kwa jinsi anavyojua kutulia. Siri ya kazi Shangazi haijui: mwanzoni Sanamu anaitikia kama mtu yeyote — ehe, kumbe, ikawaje. Kisha anakoma. Anatazama tu, uso mkavu. Sisi tunapima mdundo wa usemi wa msimuliaji unavyobadilika.

Na unabadilika! Alisimulia kile kisa cha koti la bwana harusi, aliloliwekea mikono miwili ya kushoto. Nyumbani tunakijua chote na bado tunacheka hadi machozi. Ehe zilipokatika, akaongeza kasi. Akapunguza. Akarudia sentensi. Akauliza, sijui naeleweka? Kimya. Akakikatisha kisa kabla bwana harusi hajavaa koti, yaani kabla ya kichekesho chenyewe.

Mimi nyuma ya kioo nilikunja ngumi kwa furaha kama timu yangu imefunga bao. Sijawahi kupata rekodi nzuri kama hii.

Jumanne, 5 Machi
Profesa kaiona mistari ya sauti yake kwenye kompyuta. Anasema hapa ndipo ilipo roho ya tasnifu yangu. Anataka kikao cha pili, mtu yuleyule. Asiambiwe lolote mpaka hapo — akijua, rekodi zote mbili ni za kutupa. Nikasema sawa. Ilinitoka kirahisi mno.

Jumapili, 10 Machi
Chakula cha mchana kwa Shangazi. Cherehani inaongea, yeye haongei. Binamu yangu, mwanawe wa pekee, alimuuliza habari za yule mteja mkorofi. Akajibu, "Nzuri." Nzuri! Nilidhani anaumwa jino.

Tulipobaki wawili tukiosha vyombo, nikamuuliza kulikoni.

"Nimezeeka, mwanangu. Nachosha watu. Kumbe nyinyi mlikuwa mnanistahi tu."

Nafasi ya kumwambia ukweli ndiyo hiyo, niliwekewa mezani. Nikamwambia huchoshi hata kidogo, nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Jumatano, 13 Machi
Binamu kapiga simu kazini. Ana hofu mama kapata kiharusi kidogo, au kumbukumbu ndiyo inaondoka. Kesho anampeleka hospitali. Akaniuliza mimi, msomi wa mambo ya kuongea: wewe umeona nini?

Nikasema mpeleke, si vibaya kupima. Mwoga mkubwa mimi!

Alhamisi, 14 Machi
Vipimo vyote vizuri. Daktari kamwambia ajichanganye na watu. Binamu karibu alie kwa furaha kwenye simu, ananishukuru kwa ushauri. Ananishukuru mimi.

Jioni nikaenda. Nikamwomba anisimulie chochote. Akaanza, mteja aliyetaka sketi ipanuliwe bila mumewe kujua — nami nikaitikia. Ehe! Kumbe! Ehe, ehe! Nilizidisha chumvi. Akasita, akanitazama juu ya miwani: mbona unaniitikia kama mgonjwa? Tukacheka. Changu kilikuwa kicheko cha kuazima.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Nikauliza kama kuna chai.

Jumamosi, 16 Machi
Nimemwambia Shangazi asisumbuke na kile kikao cha pili cha Jumatatu, nimepata mtu mwingine. (Uongo. Profesa angenila nyama.) Nilitaka aseme sawa ili mambo yajiishie yenyewe, nisiulizwe na mtu. Kakataa.

"Nakuja. Nataka kumwomba radhi yule binti. Nilimpigia domo, maskini, hana pa kukimbilia."

Nikasema hana haja. Akasema haja ni yake.

Jumatatu, 18 Machi
Naandika nikiwa nyuma ya kioo, hedifoni masikioni, rekodi inaendelea. Nimejiapiza nitamweleza wakimaliza. Leo hii, hapahapa, kabla hajavua viatu nyumbani kwake.

Kaja na mkoba mdogo alioushona mwenyewe, kitambaa cha bluu, zipu imenyooka sawasawa. Kamwekea Sanamu mezani. Sanamu hajaugusa — leo kaambiwa asiitikie tangu mwanzo, asionyeshe chochote. Maelekezo nimeandika mimi.

Shangazi amesema ni zawadi. Amesubiri. Amesema, "Binti, nisamehe kwa siku ile. Leo nitaongea kidogo tu." Amesubiri tena. Kimya kirefu hivi sijawahi kukirekodi.

Sanamu macho yamemjaa. Kageukia kioo, kunitafuta, na haruhusiwi kugeuka. Shangazi naye kageuka aone anachotazama. Upande wao ni kioo cha kujitazamia, hanioni. Kajiona mwenyewe. Kaweka kilemba sawa, kajifuta mdomo kwa kiganja, labda kuna kitu kimemganda usoni.

Kitufe cha kuongea nao kiko hapa karibu na kalamu. Nabonyeza nikimaliza sentensi hii.

Au hii.

Anavuta kiti karibu na Sanamu. Anasema polepole, sauti ya chini kabisa, mistari imelala: "Usijilazimishe, mwanangu. Hata nyumbani siku hizi hawacheki." Na mimi bado naandika