Siku Tisa za Mvua ya Kaloleni

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Mwanzia,

Kwanza namtambua Mkuu wa Chuo, kisha walimu, kisha mpishi, maana bila yeye hao wengine ni majina tu, kisha vijana wa bweni lako, ambao najua unawasomea barua zangu, na mwisho wewe, mume wangu, ambaye kwa itifaki huna cheo chochote. Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika, nami nimeliambia lifuate utaratibu.

Kipimamvua chako kimefika kwa basi, pamoja na karatasi za kujaza. Nimekisimika uani, mbali na paa na mbali na mti, kama ulivyoagiza. Nilikuwa karani wa reli miaka thelathini na mmoja. Niliandika mabehewa, niliandika mizigo, niliandika hata ng'ombe waliochelewa kupakiwa. Mvua sijawahi kuiandika. Basi nieleze: chuo kizima cha mazingira kinakosaje mvua yake, hata kije kuazima ya kikongwe wa Kaloleni?

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Karatasi itakuja kila mwezi na barua itafuatana nayo. Neno lenye saini halikatiki katikati.

Ni mimi Susu yako,
Kavinya


Chuo cha Mazingira, Kivumbuni
11 Machi 2025

Susu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetii. Mimi ni mzima, ila mikono inanuka samadi hata nikiiosha mara tatu.

Barua yako ilipofika, Siyad wa kitanda cha juu alipaza sauti: "Oya, Mwanzia, bibi yako ameandika! Kaeni chini, kikao kimeanza." Tukakaa wote kumi na wawili. Mpishi wetu, Mama Mwelu, aliposikia ulivyomtaja aliiomba aya hiyo akaibandika jikoni. Tangu jana anatupakulia ugali kama mtu aliyepandishwa cheo.

Umeuliza kuhusu mvua. Chuo hiki ni kidogo, Susu; tuko wanafunzi arobaini, na kila mmoja ana zamu yake. Yangu ni mboji. Kila asubuhi natia mkono kwenye lundo la majani na samadi, na Mwalimu Odongo huniuliza nilichokihisi kabla ya kuniuliza nilichokisoma. Mradi wa mwaka wa pili nao ni huu: kila mwanafunzi awe na mtu mmoja nyumbani anayepima mvua saa tatu asubuhi, kila siku, kwa miezi mitatu. Tunataka kujua mvua ya kiasi gani hujaza mto, ili watu wanaoishi kando yake waonywe mapema wahamishe watoto na vitu vyao. Ukiandika mvua ambayo haikunyesha, na mto haukujaa, sisi tutadhani mvua ya kiasi hicho haina hatari. Onyo litachelewa.

Kwa hiyo sheria ni moja. Mtu hafukuzwi hapa kwa kufeli. Hufukuzwa kwa kuandika nambari ambayo haikuonwa na jicho. Sufuri nayo ni habari.

Mjukuu wako (mumeo),
Mwanzia


Kaloleni
2 Aprili 2025

Mume wangu,

Nawasalimu kwa utaratibu ule ule, Mama Mwelu akiwa amepanda nafasi moja. Hali yangu ni njema, ila kifua kimeanza kikohozi kidogo kisichostahili kujadiliwa.

Karatasi ya Machi hiyo hapo. Doa la chai kwenye tarehe tisa ni langu, uniwie radhi. Jirani yetu Phares hupita kila asubuhi akiuliza, "Mama, bado unachunga chupa? Haijatoroka?" Juzi alijitolea kunishikia zamu nikiwa na safari. Nikamwambia asiiguse kamwe. Saa yake ya ukutani imesimama tangu mwaka juzi, huyo ataijuaje saa tatu?

Jambo moja nikuungamie. Kufikia sufuri ya kumi na moja, mkono ulikuwa mzito. Mama yangu kule Mwingi hakuwahi kumwambia mgeni kwamba mvua haikunyesha. Alisema, "Iko njiani." Kumwandikia mtoto wako sufuri, siku baada ya siku, kwa mkono wako mwenyewe, kwetu ni kama kumnyima baraka. Lakini nimeziandika zote. Sheria ni sheria.

Susu yako


Kivumbuni
9 Aprili 2025

Susu,

Shikamoo, na pole kwa kikohozi. Kunywa tangawizi.

Mwalimu Odongo aliinua karatasi yako mbele ya darasa akasema, "Hivi ndivyo mtu mwaminifu anavyoandika." Frankline akaninong'oneza, "Umeoa vizuri, ndugu." Nilivimba kichwa mpaka jioni.

Pasaka sitakuja nyumbani. Zamu ya kumwagilia miche imeniangukia, na mche haujui sikukuu. Niwekee chapati rohoni.

Mwanzia wako


Kaloleni
5 Mei 2025

Mwanzia,

Salamu. Mimi sijambo.

Karatasi ya Aprili hiyo hapo. Mvua ilikuwa nzuri.

Susu


Kivumbuni
12 Mei 2025

Susu yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa haikumsalimu mpishi. Mama Mwelu ameuliza kama amekukosea.

Kuna jambo. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Aprili umeandika mvua kila siku: jumla milimita tisini na sita. Mjomba wa Rispa, mwanafunzi mwenzangu, hupima kule mtaa wa Fedha, upande huo huo wenu wa Nairobi. Aliandika sufuri siku zote tisa. Wapimaji wengine watatu wa Eastlands, sufuri. Mwalimu hakukasirika. Alizipanga karatasi zote mezani, akatuacha tuangalie.

Mtu mmoja akacheka, "Hilo ni wingu la Kaloleni, halina majirani." Nikasimama nikasema Susu yangu haandiki uongo, na kama wapo waliolala ni hao wapimaji wengine. Nilisema kwa sauti kubwa.

Lakini, Susu, karatasi hiyo nilikwisha kuiona kabla ya kuikabidhi. Siku tisa zote zimeandikwa kwa kalamu moja, kwa mlalo mmoja, kama zilizoandikwa kikao kimoja. Niliona, nikanyamaza.

Baraza la chuo litakaa Jumamosi tarehe 24, chuo kizima, kuamua kama nibaki. Sikuombi uniokoe. Naomba uniambie: je, ilinyesha?

Mwanzia


Kaloleni
19 Mei 2025

Mume wangu,

Wasomee barazani karatasi hii, mstari kwa mstari, usiruke kitu.

Susu

*

Mkuu wa Chuo, Mwalimu Odongo na walimu wenzako, Mama Mwelu, ambaye hajanikosea lolote, wanafunzi nyote, na mjukuu wangu, ambaye leo anao cheo, kwa kuwa ndiye mdomo wangu: nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Kavinya, mpimaji wa Kaloleni. Haikunyesha. Au, kwa usahihi zaidi, sijui.

Tarehe 16 Aprili, alfajiri, nilipelekwa hospitali nikiwa na nimonia. Pasaka niliila wodini, uji na nusu chungwa. Sikumwambia kijana huyu, maana angeiacha miche ikauke. Niliporudi tarehe 24 jioni nilimwuliza jirani yangu Phares kama chupa ilisomwa. Akajibu, "Si uliniambia nisiiguse? Sikuigusa." Ndani yake mlikuwa na maji ya vidole viwili. Yalikuwa ya mvua, au yalirushwa na waliokuwa wakifua uani; sikuwa na njia ya kujua.

Nikayagawa kwa siku tisa. Na mkono ukishaanza ukarimu haukomi, nikaongeza. Nilikuwa nimemwandikia mtoto sufuri mwezi mzima, na nilitoka hospitali nikiwa dhaifu, nikataka walau nimpe mvua. Sikuwafikiria watoto wanaolala kando ya mto. Hilo ndilo kosa langu, na ni langu peke yangu.

Kosa la Mwanzia ni jingine. Mwanzia, hapa weka karatasi chini, uwaambie kwa kinywa chako ulichokiona kabla ya kuikabidhi. Ukimaliza, endelea kusoma.

Ahsante. Nilijua utasema.

Adhabu yake siiombei huruma. Nyinyi mnamfahamu kuliko ninavyomfahamu mimi sasa. Nasema hili tu: mliyemfundisha kuhisi joto la mboji kwa mkono wake ndiye aliyeniuliza kama ilinyesha, wakati angeweza kuniomba niseme ilinyesha.

Nimefuta siku hizo tisa kwenye karatasi mpya niliyoambatanisha, nikatia saini kando ya kila moja. Msiandike sufuri mahali pake. Sikuona mvua, wala sikuona ukavu. Paacheni wazi.

Mwisho ni uamuzi. Jumapili tarehe 18 tulikutana katika ukumbi wetu, wakazi hamsini na watatu, nami nikayasema haya mbele yao. Tumeamua kipimamvua kihamie ua wa ukumbi, na nyumba sita zikisome kwa zamu ya wiki, ili jicho lisikosekane mtu akiugua. Wa kwanza ni Phares. Amenunua betri ya saa. Kinachobaki ni chenu. Jumatatu tarehe 2 Juni, saa tatu kamili asubuhi, baraza hili litume mtu Kaloleni aje kutufundisha kusoma chupa upya, mimi nikiwa mwanafunzi wa kwanza. Ni nani atakayekuja, na kama atakuja akiwa bado mwanafunzi wenu, ndilo mnalopaswa kuliamua sasa, kabla hamjainuka vitini.

Ni mimi Susu yake,
Kavinya